Mafaili na Mafairi

Mimi hasira zangu ziko karibu, na sijivunii hilo. Dada yangu anasemaga nilizaliwa nimekunja ngumi, mkunga akaogopa kunishika. Basi wiki ile ya seva hasira hizo karibu zituponze sote, maana nilimgombeza mtu mzima anayemzidi umri hata baba yangu, na kosa lilikuwa langu mwenyewe.

Nianze na dada, maana yote yalikuwa kwa ajili yake. Sisi ni wa Nyegina, nje kidogo ya Musoma, tulizaliwa wawili tu. Yeye akaolewa Butiama. Mimi nikapelekwa shule ya bweni Morogoro, na baada ya masomo nikarudi Musoma kuwa fundi wa kompyuta hospitalini. Huko bwenini walinicheka hadi nikakoma. Nikisema "nataka kurara" bweni zima linaangua kicheko, kwa sababu kwetu L na R ni kitu kimoja, mtu anatumia inayomjia kwanza. Nikajifunza kwa kujikaza. Nilikuwaga nasimama mbele ya kioo narudia, "kula, kulala, kulima," mpaka ulimi ukanyooka. Na niliporudi nyumbani nikawa kero. Dada akisema "ugari," namsahihisha. Akisema "kurima," namsahihisha. Yeye ananitazama tu, anasema, "Haya, mwarimu," halafu anaendelea na yake.

Dada alikuwa na uvimbe tumboni. Alivumilia karibu mwaka mzima, akidai ni chango tu litapita, huku analima ulezi na kukamua ng'ombe, hadi siku alipoanguka shambani. Wakamleta kwetu Musoma. Daktari akampima na kusema uvimbe lazima utoke wiki hiyo hiyo, damu inamwishia. Kisha akamuuliza kama amewahi kupasuliwa.

"Ndiyo," dada akasema, "nilipojifungua yule wa kwanza, kule Bunda. Wakaniraza usingizi, sikuamka mpaka kesho yake jioni. Walishaanza kuniita marehemu."

Alisema huku anacheka. Daktari hakucheka, aliacha hata kuandika. Alitaka kujua ilikuwa dawa gani ya usingizi. Dada angejuaje? Aliyekaa naye Bunda siku zile ni mama, na mama tulishamzika. Daktari akanivuta pembeni kwenye korido, akaniambia bila kuzunguka kwamba bila kuijua dawa ile hathubutu kumlaza, akimpa hiyo hiyo tena huenda safari hii asiamke kabisa. Na hata tukimpeleka hospitali kubwa ya Mwanza, kwa hali ile ya damu hakuthubutu kuniahidi chochote.

"Leo Jumatatu," akasema. "Nitafutie karatasi ya Bunda kabla ya Ijumaa."

Sasa hiyo karatasi. Kituo alichojifungulia kilishafungwa siku nyingi, na majalada yake yalibaki kwenye maboksi katika stoo moja hapo Bunda. Aliyekuwa anayatunza ni karani mmoja mstaafu, mzee mpole asiyeinua sauti hata akikanyagwa. Hospitali yetu ilikuwa imeamua kuyaingiza yote kwenye kompyuta, kwa hiyo mzee yule alikaa na skana miezi kadhaa akipitisha karatasi moja moja. Kazi aliimaliza. Ila karatasi ziliingia kama zilivyotoka kwenye boksi, maelfu kwa maelfu, kila moja na namba tu. Kuzipekua kwa macho kungetuchukua mpaka mwaka mwingine.

Dawa ya tatizo hilo ilikuwa njiani. Hospitali ilikuwa imeagiza programu kubwa ya kutafuta nyaraka, ya maofisini, ile inayosoma maandishi yaliyopigwa chapa hata kwenye picha ya karatasi. Unaandika neno, inakuletea kila karatasi yenye neno hilo. Mhandisi wake yuko Dar, angeiweka kwa mtandao siku ya Jumatano. Sharti lake lilikuwa moja, aikute seva, yaani kompyuta kuu ya hospitali, imeshaandaliwa na imepita kipimo chao. Asipoikuta hivyo, anahamia kwa mteja mwingine na kurudi kwetu baada ya wiki mbili. Wiki mbili dada hakuwa nazo.

Nikaanza Jumanne asubuhi, hata chai sijanywa. Kuandaa seva ni sawa na kumtandikia kitanda mgeni usiyemjua, ambaye ameshatuma barua ya masharti yake. Programu ilitaka akaunti yake yenyewe, isiyo na mamlaka ya mkuu wa mashine. Nikaifungulia. Ilitaka iruhusiwe kufungua mafaili mengi kwa mpigo kuliko kawaida, nikapandisha kiwango. Saa ya seva ilikuwa nyuma, nikaisogeza. Umeme ulikatika mara mbili, betri ya akiba ikashika, nikashukuru Mungu kwa sauti mpaka mhasibu akachungulia mlangoni. Kufikia saa nane mchana vipengele vyote vilikuwa sawa isipokuwa cha mwisho, yaani folda yenye karatasi zenyewe.

Diski kutoka Bunda ilikuwa imefika na gari la wagonjwa. Nikaichomeka, nikampigia mzee kumuuliza folda aliipa jina gani.

"Mafairi," akasema.

"Asante, mzee." Nikaandika *mafaili*, nikaiagiza seva iifungue folda hiyo, na kama haipo iitengeneze, kama mwongozo ulivyosema. Nikaikabidhi kwa akaunti ya programu na kuendesha kipimo. Jibu likaja: folda ipo, karatasi sifuri.

Nikarudia. Sifuri. Nikachomoa diski, nikapuliza vumbi, nikaichomeka tena. Sifuri! Nikampigia mzee tena.

"Mzee, umeniletea diski tupu!"

"Hata shikamoo hakuna, binti?"

"Mgonjwa wangu anakufa, mzee! Karatasi ziko wapi?"

"Nimeziweka kwenye mafairi."

"Ndiyo, mafaili, naangalia hapa, hamna kitu!"

"Zimo. Angaria vizuri. Mafairi."

"Si ndiyo hayo mafaili! Hayana kitu!"

Tukabishana hivyo mpaka salio likaisha. Nikamwambia maneno mengine ambayo sitayaandika hapa, kuhusu wazee wanaoshika vitu wasivyovijua. Kisha nikaketi chini sakafuni, kati ya nyaya, nikalia. Niliamini diski imekufa. Nilikuwa naiona Ijumaa inakuja na mimi sina kitu mkononi.

Jumatano saa mbili kasoro asubuhi mzee akaingia mlangoni. Alikuwa amepanda basi la kwanza kutoka Bunda, amevaa koti la suti, na kwapani kashika diski ya pili aliyokuwa ameibakiza kama akiba. Hakunisalimu wala hakunilaumu. Akavuta kiti na kuvaa miwani yake iliyofungwa uzi upande mmoja.

"Nionyeshe vyote virivyomo kwenye hiyo ya kwanza," akasema.

Ndipo nilipogundua kwamba sikuwa nimefanya hivyo hata mara moja. Kipimo kilisema folda ipo, nikakiamini. Nikaandika amri fupi kuliko zote, ile wanayofundishwa wanafunzi siku ya kwanza, ya kuorodhesha vilivyomo. Zikatokea folda mbili, moja chini ya nyingine. *mafaili*. *mafairi*.

Mzee akaweka kidole kwenye skrini, juu ya ile ya pili. "Hii hapa. Ma-fa-i-ri. Si nirikuambia?"

Jamani, nilitamani ardhi ipasuke. Aliniambia, tena si mara moja, na herufi aliitamka kama alivyoiandika. Ila sikio langu la bwenini lilimsahihisha kabla mkono haujagusa kibodi. Mtu wa kwetu akikuambia "ugari" humwulizi mara mbili, unajua amesema ugali. Seva ya Unix haina wema huo. Kwake *mafaili* na *mafairi* ni vitu viwili, na kwa kuwa cha kwanza hakikuwepo, ikanitengenezea kipya, kitupu, kama nilivyoiagiza. Ile tupu niliizaa mwenyewe halafu nikamtukania mwenzangu.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

Akanitazama juu ya miwani. "Hiyo ni ya jana au ya reo?"

"Ya zote mbili. Naomba unisamehe."

"Marahaba. Mgonjwa kwanza, maneno baadaye."

Nikaifuta ile folda tupu na kuikabidhi ya mzee kwa akaunti ya programu. Jina sikuligusa. Nilibadilisha mipangilio yangu ndiyo ifuate jina lake. Nikaendesha kipimo, na karatasi zikahesabiwa mpaka namba ikajaa mstari. Saa nne mhandisi akapiga simu kutoka Dar, akakagua, akasema, "Seva yenu iko safi, naanza." Mzee nikamtafutia chai na chapati, akanywa taratibu, akasema haondoki mpaka aone karatasi zake zinatokeaje. Alilala kwa binamu yake Nyakato, hapo hapo Musoma.

Programu ilisoma karatasi usiku kucha na asubuhi yote. Alhamisi saa tisa alasiri ikasema imemaliza. Daktari akashuka mwenyewe, akasimama nyuma ya kiti changu, mzee pembeni yake. Nikaandika jina la dada. Jina lake silitaji hapa, ila lina L mbili. Nikabonyeza.

Hakuna kilichopatikana.

Nikajaribu na jina la baba peke yake. Wakaja watu wengine kabisa, wanaume tu. Nikajaribu na Butiama, zikamiminika karatasi nyingi zisizosomeka kwa siku moja. Daktari akatazama saa yake.

Nikaweka mikono mapajani. Nikajaribu kuiona siku yenyewe kule Bunda: dada yuko kwenye uchungu, hawezi kusimama wala kusema. Aliyekwenda dirishani kumwandikisha ni nani? Nani aliyeulizwa, "Mgonjwa anaitwa nani?"

Ni mama. Na mama hajawahi kulitamka jina la dada kwa L hata siku moja. Nilimsikia miaka yote akimwita kutoka mtoni, kutoka jikoni, kutoka shambani, na ni R mbili, zinagonga kama kokoto. Mpiga chapa wa Bunda aliandika alichosikia.

Nikafuta L ya kwanza, nikaweka R. Nikafuta ya pili, nikaweka R. Nikabonyeza.

Karatasi moja.

Ilikuwa imepigwa kwa taipureta, wino umefifia pembeni, jina la dada juu kama mama alivyolisema, na chini yake "ameletwa na mama mzazi." Nilisoma mpaka hapo, mengine yakanizidi. Daktari akainama, akasoma kila mstari. Jina la dawa lilikuwepo, na chini yake walikuwa wameandika kwamba mgonjwa alichelewa mno kuamka, asipewe tena.

"Nilikuwa nimepanga kumpa hii hii," daktari akasema polepole. Kisha akanyooka. "Basi hatumpi. Tunayo nyingine. Kesho asubuhi."

Mzee wa Bunda akavua miwani, akaifuta kwa tai yake. "Mnaona?" akasema, bila kumwambia mtu yeyote hasa. "Hakuna karatasi niriyoiruka."

Ijumaa nilikaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji tangu saa mbili. Nilijua dawa ni nyingine, nilijua daktari ni mzuri, na bado kila mlango ulipofunguliwa nilisimama. Saa tano wakamtoa, wakasema yamekwenda vizuri, sasa tungoje aamke. Nikaketi kando ya kitanda na kumshika mkono. Ule mkono wa jembe, mgumu, ulikuwa baridi. Nikahesabu pumzi zake. Nusu saa. Saa nzima. Machozi yakawa yanatiririka tu, wala sikuyafuta.

Vidole vyake vikacheza. Akafungua jicho moja, akanitazama kwa muda, midomo imekauka.

"Unaria nini wewe?" akasema.

Miaka yote ningeruka kumsahihisha.

"Sirii, dada," nikasema. "Sirii."