Nyuma ya Kilima Chenye Upara

Baba na mama walipotutoka, mdogo wangu alikuwa bado katika umri wa kuuliza kila kitu. Jioni moja alinyoosha kidole kutoka uani petu, Manika, akaniuliza nyuma ya vilima vile kuna nini. Mimi nilikuwa nimekwisha kuacha shule ili niuze unga sokoni, na sikujua. Nikamwambia tutakwenda kuangalia, kimoja baada ya kingine, mpaka tumalize vyote vinavyoonekana kutoka uani.

Tulikuwa tunangoja kiangazi, moto ukishateketeza nyasi ndefu, maana vilima vile havina njia. Pikipiki ilituacha barabarani, tukaingia porini. Ukiwa katikati ya miti hukioni kilima unachokiendea, kwa hiyo tulipanda vichuguu. Vichuguu vya kwetu vingine vinapita nyumba kwa urefu, na ukisimama juu yake kilima kinatokea tena, kikubwa kuliko ulivyokiacha. Kwenye vilima vyenye shaba miti haioti. Kileleni kuna nyasi fupi, maua madogo ya zambarau, upepo, na nchi isiyoisha. Kila tulipofika juu, mdogo wangu alitazama upande wa pili kwa muda mrefu, kisha akaniambia mimi dada yake mkubwa, "Haya, yaya. Nimeona." Ndipo tuliposhuka.

Miaka ikapita, kikabaki kimoja, kile chenye upara upande linakozama jua. Mdogo wangu akapata kazi ya ualimu mbali, Kisenge, aondoke Jumatatu. Tusingekwenda Jumapili ile baada ya misa, tusingevimaliza pamoja.

Tangu tulipoanza kupanda, mguu wangu ulikataa kuiamini ardhi ile. Kwenye vilima vingine mwamba unatoka ardhini kama mfupa. Hapa mawe yalikuwa yamelegea, makubwa kwa madogo, mengine ya kijani. Mteremko ulipanda, ukalala, ukapanda tena.

"Yaya, mawe ya hapa hayana mizizi," akasema.

"Panda tu."

Karibu na juu tulimkuta mchimbaji mmoja wa madini amekalia gunia lake, anakunywa maji.

"Mama, munatafuta nini huku?"

"Tunapanda kilima."

Alicheka mpaka maji yakampalia. "Kilima gani, mama? Hii ni udongo ya mugodi. Bazee ba zamani balimwaga hapa na malori. Sasa munapanda takataka na nguo ya misa?"

Mdogo wangu akakaa chini. Miaka yote ile, kutoka uani, tulikuwa tumehesabu rundo kuwa kilima.

"Basi hakuna cha mwisho," akasema. "Naondoka hivi hivi."

"Bado hatujafika juu," nikamwambia.

Tulitembea mpaka ardhi ilipokatika. Chini yetu palikuwa na shimo ambalo macho yangu hayakujua yaanzie wapi. Kuta zake zilishuka kwa ngazi, nyekundu, kahawia, njano, mpaka kwenye maji ya kijani yaliyotulia. Ndege walikuwa wakiruka chini ya miguu yetu. Nilijikuta nimeushika mkono wa mdogo wangu, mtu mzima, kama tunavuka barabara.

Mchimbaji alikuja nyuma yetu, hacheki tena. "Kilima kilikuwa hapo," akasema. "Nkambo yangu, baba wa mama, alikionaka. Kilikuwa kirefu, na maua juu."

Mdogo wangu alitazama shimo, kisha akainama, akaokota jiwe la kijani, akalirudisha mahali pake taratibu.

"Basi ndicho hiki," akasema. "Kimehamishwa tu, yaya. Tumesimama juu yake."

Nikangoja aseme kwamba ameona, ili tushuke. Jua lilikuwa limeanza kuyaacha yale maji.

"Yaya, na chini ya maji kuna nini?"

Sikujua. Tukakaa pale ukingoni wote watatu, tukiyatazama, mpaka kivuli kilipoyafunika.