Kiu ya Zafira

Zafira alikufa akiomba maji, na mumewe Gencho ndiye aliyemnyima. Madaktari walikuwa wamekataza: tumbo limetoka kupasuliwa, lisipite hata tone. Gencho, dereva wa basi mstaafu, mtu wa kutii taa nyekundu hata barabara ikiwa tupu, alitii. Alimlowesha midomo kwa pamba akamwambia avumilie mpaka kesho. Zafira hakuiona hiyo kesho.

Baada ya mazishi Gencho alibaki na tangi la samaki. Zafira alikuwa mzaliwa wa Sozopol, pwani, na miaka arobaini ya ndoa huku kwetu Ruse, mji wa mto, haikumtoa bahari moyoni. Alipopata kiinua mgongo alinunua tangi la kioo, mifuko ya chumvi, pampu, taa, na samaki wawili wa rangi ya chungwa. Alilitunza wiki tano tu. Gencho kazi yake ilikuwa kulalamika kuhusu umeme.

Sasa, kwetu roho ya marehemu hukaa nyumbani siku arobaini, na husikia kiu. Huwekewa glasi ya maji, asubuhi watu wakatazama kama ameigusa. Smaragda, dada yake Zafira, aliiweka dirishani. Gencho aliikagua kila siku, wapi! Ilikuwa vilevile. Lakini tangi! Kila asubuhi maji yalikuwa yameshuka unene wa penseli. Alipapasa sakafu, kavu. Alikagua kioo, hakina ufa. Alijua ni nani aliyekuwa akiyanywa.

Aliogopa, na ndani ya hofu hiyo alifurahi mno. Alitafuta karatasi ya Zafira ya maelekezo, akakoroga chumvi ndooni kama ilivyoandikwa, akajaza tangi hadi juu. Alikwangua ukungu wa kijani kwenye vioo vyote, akatoa sponji ya kichujio akaisugua kwa maji moto ya bomba mpaka ikang'aa.

"Kunywa, mke wangu," alisema kila asubuhi akimimina. "Leo hakuna wa kukukataza."

Wiki ya nne samaki wakaanza kuhema juu ya maji. Mmoja alijificha nyuma ya jiwe, akasusa chakula. Gencho akapatwa na kihoro: hawa ndio waliobaki wa mikono ya Zafira, nao anawaua. Akateka maji ya tangi kwenye chupa, akaenda dukani kwa Iveta, binti aliyemuuzia Zafira kila kitu.

Iveta alitumbukiza kipimo chake, akakunja uso.

"Babu, hii chumvi imezidi mno. Maji yakipungua, unaongezea nini?"

"Ya chumvi. Si bahari hiyo?"

Iveta hakumcheka, na hilo tu ni la kumshukuru. Alimweleza kwamba maji hugeuka mvuke yakaondoka, chumvi ikabaki, kwa hiyo yakipungua hujazwa maji matupu. Ya chumvi ni ya Jumamosi, unapotoa ndoo moja ya zamani na kutia mpya. Sponji isuuzwe kwenye hayo maji ya zamani, la sivyo unaua vijidudu vinavyolisafisha tangi. Tena anunue kifuniko cha kioo, kupungua kutakoma.

Gencho aliitikia yote, lakini alisikia moja tu. Zafira alikuja na kiu, kila siku, na yeye akampa chumvi. Alirudi nyumbani kwa miguu, amekumbatia kile kifuniko, na njiani hakumsalimia mtu.

Alirekebisha maji kidogo kidogo, kama alivyoelekezwa, na samaki wakaanza kula. Kifuniko kiliegemea ukutani. Siku ya thelathini na tisa Smaragda alikuja kupika ngano inayoliwa kwenye arobaini ya marehemu, akakiona, akauliza ni cha nini, na Gencho akayatoa yote moyoni.

"Shemeji, umemfuga dada yangu humo. Funika hilo tangi, mwache aende."

"Aende na kiu?"

"Kwani wewe ukimzuia, ndiyo itaisha?"

Gencho alilifunika tangi kabla ya kulala.

Asubuhi maji hayakuwa yamepungua hata kidogo. Lakini chini ya kifuniko kioo kizima kilijaa matone, kama vioo vya basi lililojaa abiria wakati wa baridi. Kuna mtu alikuwa akipumua humo ndani. Gencho alidhani amemfungia, akakinyanyua kwa pupa huku akiomba radhi, na matone yakamchuruzika viganjani mpaka ndani ya mikono ya shati. Alijifuta mdomo kwa kiganja kilekile, akashtuka.

Hayakuwa na chumvi.

Akalamba tena. Maji matupu, ya uvuguvugu, matamu kama ya kisima. Kumbe hayo ndiyo yaliyokuwa yakiondoka siku zote. Chumvi yote aliyompa, Zafira hakuionja hata mara moja.

Smaragda alipoingia na sufuria ya ngano, alimkuta shemeji yake amekaa sakafuni, kifuniko mapajani, analamba kioo na kulia kwa sauti.