Tulimsajili kijana kwa sifa za babu yake

Wakuu, salaam aleikum. Mie ni Khalfan, mzee wa Ghubra, hapa Maskati, na haya yalinitokea mwenyewe kiangazi kilichopita. Sitojipamba. Pahala nilipokosea nitasema nilikosea.

Tuna timu yetu ya mpira ya mtaani, wengi wetu watu wenye asili ya Unguja. Mie ndiye niliyekuwa nasimamia usajili.

Ligi ilipomalizika, wachezaji wetu wazuri walihama. Wa kuwarithi hatuna. Ikabidi tubahatishe, tuchukue vijana ambao hakuna aliyewahi kuwaona kwenye mechi ya maana.

Mmoja alikuwa Haitham. Mama yake ni binti ami yangu, anakaa Unguja. Kijana alikuja kutafuta kazi, akafikia kwangu.

Hapa niwaeleze kitu. Sisi wazee wa huku tuna maradhi yetu: kijana akitajwa, kwanza tunauliza ni wa nani. Babu yake Haitham, yaani ami yangu marehemu, alikuwa winga. Nilimshuhudia nikiwa mdogo. Beki akimfuata anaishia kukaa chini. Basi nilipomwona mjukuu, miguu ile ile, mwendo ule ule, kwangu usajili ulikwisha.

Mwenyewe aliniambia, "Mjomba, mie nnacheza mchangani na wenzangu tu. Sijawahi kuwa na timu."

"Mpira umo damuni mwako," nikamjibu.

Nassor, kapteni wetu, akanitania kikaoni: "Ami Khalfan, unasajili mchezaji au unasajili kaburi?"

Watu walicheka. Mie nikaumia, nikataka kuwaonesha.

Kiangazi timu yetu hufanya mazoezi baada ya magharibi, kwa sababu ya joto. Mie nikaanza kumtoa Haitham peke yake mara tu baada ya sala ya alasiri, awe tayari kabla ya wenzake. Hata wiki hajamaliza Maskati. Nilijiambia mtoto wa Unguja joto analijua. Wakuu, joto la Agosti la huku si la Unguja.

Siku moja alizunguka kiwanja, kisha akasimama ameshika magoti.

"Mjomba, kichwa kinaniuma. Nipumzike kidogo."

"Babu yako hakuwa akipumzika. Yalla, endelea."

Nilimwambia hayo nikiwa ndani ya gari, AC inawaka, nimeteremsha kioo kidogo tu ili anisikie.

Akaendelea. Alikuwa kijana wa adabu.

Alipopita tena mbele yangu alikuwa akipepesuka, anamwita mama yake. Akaanguka. Nilipomgusa, ngozi ilikuwa kavu na ya moto kama bati la juani.

Hospitali walimwokoa roho. Figo, zilizoharibiwa na joto lile, hazikurudi kufanya kazi. Sasa yuko Unguja, anaishi kwa mashine ya kusafisha damu. Nilijitolea figo yangu, madaktari wakaikataa kwa umri wangu na sukari niliyo nayo.

Mama yake alinipigia simu mara moja tu. Hakupiga kelele.

"Kaka, mie nilikuletea Haitham. Wewe ulikuwa unamtazama baba yangu."

Vijana wengine tuliowabahatisha wanacheza vizuri, mmoja hata Nassor anamsifu. Kwa hiyo sisemi kubahatisha ni kosa. Kosa langu ni kwamba kijana alinieleza mwenyewe yeye ni nani na anaumwa wapi, na mie nikachagua kutosikia.

Mnaosimamia timu, mchezaji akikwambia amechoka, msimamishe. Usimtafute babu yake.

Changieni, hata wa kunitukana nitamsoma. Lakini zaidi nnawaomba mlioko Unguja mnaouguza mtu wa figo: niambieni mgonjwa anahitaji nini nyumbani. Mama yake hapokei tena simu zangu, na sina mwengine wa kumuuliza.