Barabara ya 311 Haikusoma Sheria za Marekani

Sisi Wakenya wa mtaa wa International City, huku Uarabuni, tulikuwa na desturi: anayeenda likizo hapandi teksi, husindikizwa. Mimi, mfanya usafi hotelini, nilisindikizwa na bingwa wa barabara za Marekani.

Marekani kwenyewe hajawahi kukanyaga. Alikuwa mlinzi wa jengo letu, mwimba besi kanisani, na kila mwaka aliomba bahati nasibu ya viza. Ili asije akaaibika huko, alijifunza barabara zao kwenye simu, kisha akatuhubiria sisi. Barabara kuu za namba witiri huenda kaskazini na kusini, za shufwa mashariki na magharibi. Hata Hawaii, visiwa vilivyozungukwa na bahari pande zote, vina barabara inayoitwa ya kuunganisha majimbo! Tulimvumilia kwa sababu ndiye aliyekuwa na leseni, na rafiki wa kumwazima gari.

Nilikuwa naenda kumwona binti yangu. Nilimwacha kwa mama akiwa bado ananyonya. Sasa alikuwa darasa la kwanza, ananijua kwa simu tu. Nilimtamani na nilimwogopa.

Tukaomba na wanakwaya waliokuja kuniaga, tukaomba tena kwa kuwa dada mmoja wa kwaya hakuridhika na maombi ya kwanza, ndipo mimi na bingwa tukaingia barabara ya 311. Kibao cha uwanja wa ndege kikaja, kikatupita.

"Bro, si airport ni hapo?"

"Siz, relax. Namba ikiwa na digits tatu na ya kwanza ni odd, hiyo highway inaingia town yenyewe. Ya even ndio inazunguka."

"Hiyo ni ya Marekani!"

"Highway ni highway."

Basi highway ikatupitisha nyuma ya mji na kutumwaga Sharjah, kwenye foleni ya kumfanya mtakatifu atukane. Mimi si mtakatifu. Nilimtukana kwa Kiswahili, kwa lugha ya mama, na kwa Kiarabu chote nilichookota kazini. Ndege ikapita juu yetu. Akaitazama, akasema kwa upole, "Ungekuwa States, ingetua hapa ikuchukue. Kila maili ya tano wamenyoosha barabara kwa ajili ya ndege."

Baadaye nilikuja kujua kwamba hata huko Marekani hilo ni uongo mtupu. Hakuna sheria kama hiyo.

Tulipofika uwanja wa ndege, kaunta ilikuwa imefungwa. Nilikaa juu ya sanduku langu nikalia bila haya, naye amesimama kando, ameukumbatia mkoba wangu.

Nikapiga simu. Mama alikuwa tayari ndani ya basi kutoka Kitale, anakuja Nairobi kunipokea, na mtoto yuko naye. Akampa simu. Nikamweleza binti yangu kwamba ndege imeniacha, nitakuja na nyingine, inshallah.

Nilimsikia akimgeukia bibi yake.

"Shosho, si nilikuambia haji?"