Pipa Lililofutwa Ukutani

Kila Jumapili nikiingia kanisani kwetu hapa Bunia, namwona mama yangu ukutani na damu inanichemka. Wamemvika kitenge cheupe. Mikono ameikunja kifuani, laini, haina hata alama. Nyuma yake wamechora mawingu. Mawingu! Mama yangu nyuma yake kulikuwa na moshi wa lutuku, pombe kali ya mahindi aliyoipika kwenye pipa uani kwetu. Hiyo ndiyo iliyotulisha na kutusomesha.

Wakati wa vita, vijana wenye mapanga walipita nyumba kwa nyumba wakitafuta watu wa kabila la jirani yetu, mwalimu wa shule ya msingi. Mama alimwingiza mwalimu, mke wake na mtoto wao katika kibanda cha kupikia, akawafunika kwa magunia nyuma ya pipa. Vijana wakaja. Mama akawakaribisha, akawamiminia. Walikunywa hapohapo, mapanga magotini, wakitaniana. Mtoto akakohoa. Mama akaubandika mkono wake kwenye pipa la moto na kupiga yowe lililokimeza kile kikohozi. Vijana wakamcheka, mwanamke mzembe gani huyu, wakanywa tena, wakaondoka wanayumba. Mkono wa mama mpaka leo una kovu kutoka kiwiko hadi vidoleni.

Vita vilipotulia, parokia iliamua kuchora karibu na altare watu waliowaficha wenzao. Na rais wa komite ya kusimamia michoro hiyo akawa nani? Mwalimu yuleyule. Nilifurahi kama mjinga. Mchoraji akaja kwetu, akamtazama mama akifanya kazi yake, akaenda kuchora kwa makaa pipa, moshi, na mkono wenye kovu. Siku chache baadaye nilipita kanisani nikamkuta mwalimu ameshika kitambaa chenye maji, anafuta mwenyewe.

“Mwalimu, unafanya nini?”

“Dada, lutuku haiwezi ikala pembeni ya altare. Batu batasema nini?”

“Na weye uliikala nyuma ya pipa yake, haukusema kitu!”

Aliendelea kufuta, taratibu, kama mtu anayesafisha ubao wa darasa.

Parokia yetu ina sheria. Mwanamke anayepika lutuku hapokei komunyo mpaka aache. Wanaume wanaoinywa wanapokea, tena wanapanga mstari mbele. Mama hakuacha, kwa sababu wajukuu zake hawashibi sheria. Kwa hiyo siku ya kubariki picha, hii ya mawingu, alikaa kwenye benchi la nyuma, karibu na mlango, mahali pake pa miaka yote. Watu walipokwenda kupokea, walipita mbele ya picha yake, wengine wakafanya ishara ya msalaba. Yeye alibaki amekaa. Nilitaka kupiga kelele, ila alinishika goti.

Baada ya misa mwalimu alitufuata, amevaa koti jipya, uso wote tabasamu.

“Mama, umejiona? Uko muzuri sana.”

Mama aliitazama picha, kisha akamuuliza kwa upole kabisa:

“Mwalimu, ule mwanamuke wa pa ukuta, yeye anapokeaka komunyo?”

Mama akafunga vizuri kitambaa chake cha kichwa akatangulia nyumbani, maana alikuwa ameacha pipa motoni. Mpaka leo mwalimu hajamjibu, na mimi sijamsamehe.