Siku Niling'oa Vijiti ku Naviundu

Haya niko nayo, aibu kabisa, lakini kartie yote, mutaa muzima, inajua, basi afazali niseme mwenyewe kuliko musikie kwa Mama Rejina muuza mukate, ule anaongezaka chumvi.

Parseli yangu, kiwanja yangu, iko ku Naviundu, kando ya muto kabisa. Nilijenga na mikono hii, matofali nilichoma mwenyewe, masomo sina (primeri ya tatu nilikimbia), na kila mvua kubwa muto inakula udongo yangu. Mwaka jana ilikula choo. Sasa kutoka muto mpaka ku ukuta inabakia hatua ine, na hiyo nyumba njo maisha yangu yote.

Sasa mademoazele moja, binti kijana, akakuja na karatasi na megafoni, eti mabadiliko ya klima, mvua imebadilika, kila muntu wa kartie ashiriki. Nikamuuliza: "Nani alikutuma? Karatasi ya ruhusa iko wapi?" Akaanza, "Papa, ni kwa faida yenu," njo hapo nilimufungia mulango. Bantu ya faida yenu ninabajua. Banapima, banasimika vijiti, kisha unasikia parseli yako iko na mwenyewe mwingine.

Na kweli! Siku ya posho, ni kusema jumamosi, asubuhi, nyuma ya ukuta yangu, kwenye sikufikaka tangu siku mingi, naona musitari ya vijiti, na kila kijiti imefungwa kitambaa nyekundu. Nyekundu! Hapa kwetu rangi hiyo, ku ukuta ao ku kijiti, inasema neno moja tu: toka. Bibi yangu wa ndoa, Mama Mado, alikuwa ku korali, kwaya ya kanisa (ni yeye alisema). Nikang'oa moja. Ikatoka bila shida, basi nikang'oa yote, nikavunja na goti, nikafunga fungu.

Kesho yake, kisha misa, mukutano ya shefu wa kartie. Nikatupa fungu ku meza yake. "Shefu, bezi ya udongo habo! Basimame, tuone nyuso yabo!"

Kisha nyuma yangu bamama kumi na mbili ya korali bakasimama, na wa kwanza alikuwa bibi yangu.

"Papa Mado, hiyo ni miti. Angalia ku chini, ilianza kutoa mizizi. Tulipanda na ule mademoazele wa megafoni, ishike udongo, tukaanzia kwetu, sababu ni sisi muto inataka kumeza."

"Na kitambaa?" (Bado nilikuwa nazani nitamukamata.)

"Ni ya batoto basikanyage. Lakini hauitambue? Si ni liputa yangu, ile kitenge yenye ulininunuliaka ku Mokambo?"

Ee bandugu, bantu bakacheka mpaka shefu akaficha uso na karatasi. Nikamuuliza pole-pole, "Mbona haukuniambia?" Akajibu kwa sauti ya korali: "Ungenifungia na miye mulango!"

Yenga hiyo yote, siku saba, nilipita kwa bamama, nyumba kwa nyumba, kofia mu mukono, kuomba matawi mapya mbele mvua haijakuja. Mama Rejina akasimama ku mulango: "Nani alikutuma, Papa? Karatasi ya ruhusa iko wapi?"

"Bibi yangu," nikasema.

Nilipanda na mikono yangu, bote bakiangalia, mademoazele naye (megafoni aliiacha chini, Mungu amubariki). Na niliapa: sitang'oa tena kitu kabla sijauliza kwanza mu nyumba yangu. Majani inatoka sasa. Lakini wewe ukisimama karibu na miti hiyo, nitatoka, nitakuuliza: unatafuta nini hapo?