Siku Niliyoshukia Dumila

Naikumbuka siku ile, mwanangu, nilipopewa barua ya kupunguzwa kazi katika kiwanda cha chuma kule Dar es Salaam. Tulikuwa tukitengeneza nondo. Joto la tanuru lilitukausha midomo, nasi tukajiona wanaume kweli kweli. Meneja akatukusanya, akasema umeme umepanda, nondo za nje zinauzwa rahisi, gharama lazima zipungue. Tuliopungua ni sisi.

Nikapanda basi la kurudi kwetu Kilosa. Lakini kila likizo nilikuwa nikiingia Magomeni, mtaa wetu wa pale Kilosa, kwa mbwembwe, viatu vinang'aa, nikiwacheka wenzangu waliobaki na jembe. Sasa ningeingiaje? Nikashuka Dumila, njiani kabla ya kufika kwetu, nikabaki pale nikipakia vitunguu kwenye malori, nikijificha kila nilipoona sura ya nyumbani. Ujana bwana! Kiburi hakijazi hata kibaba.

Miezi miwili ikapita. Asubuhi moja nikamwona baba amesimama na baiskeli, vumbi mpaka kwenye nyusi. Muuza mahindi mmoja alikuwa amemwambia niko pale. Nikampa shikamoo, akaitikia. Kisha akanieleza kwamba bibi, yule aliyenilea, walishamzika wiki tatu nyuma. Walituma habari kiwandani, wakajibiwa sipo tena. Mpaka siku ya mwisho bibi alikuwa akiuliza kama nimefika.

Nililia mbele ya wapakiaji wenzangu. Baba, aliyekata mkonge Kimamba miaka yote mpaka shamba likafungwa, hakunikaripia. Alisema tu, "Mkonge uliponikataa nilirudi nyumbani jioni ile ile, mama yako akanipakulia. Wewe kazi ndiyo iliyokufukuza. Sisi tulikufukuza lini?"

Tukarudi pamoja. Baadaye nilijifunza kuchomelea, nikatengeneza milango na madirisha ya watu, nikawalea ninyi. Kaburi la bibi nalipalilia mwenyewe mpaka leo.

Nasikia huko kiwandani kwenu nako wanaandika majina. Likitoka lako, mwanangu, piga simu nyumbani siku hiyo hiyo, usingoje kupata la kujivunia. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Na kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mikono unayo, na kitanda chako kipo. Mungu akufungulie riziki ya halali, na kila urudipo akukutanishe na wako wakiwa hai.